Bahasha ya Aliyekaa Kushoto

Petersburg, 9 Oktoba 2016

Shangazi Glafira mpendwa,

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu mara ya mwisho tulipozungumza kwa simu niliuliza habari za mguu wako, ukanijibu bei ya kabichi. Basi tuiache simu, masikio yako yapumzike. Sisi huku wazima. Mwanangu Zlata ameanza darasa la kwanza na tayari amegombana na mwalimu kuhusu nani afute ubao. Mume wangu anakohoa tangu Septemba, hataki kusikia habari za daktari, anasema ni unyevu wa mto tu.

Sasa jambo lenyewe. Mwezi wa tano baba mdogo Valerian anatimiza miaka sabini, na sheria ni sheria: siku hiyo anavua joho na kuondoka Mahakama ya Katiba. Wanafunzi wake wa zamani wanamtolea kitabu cha heshima, kama ilivyo desturi ya maprofesa. Wao wataandika makala, na mbele kabisa yatakuwepo maisha yake. Hayo maisha nimepewa mimi, kwa kuwa mimi ndiye mhariri, na kwa kuwa watu wanadhani mtu wa ukoo anajua kila kitu. Sijui kitu! Nilimwomba habari zake akanipa ukurasa mmoja uliopigwa chapa. Alizaliwa, akasoma, akafundisha, akateuliwa. Hata jiwe la kaburi lina maneno zaidi.

Unamjua alivyo. Katika miaka yake yote ya ujaji ameandika maoni tofauti mara kumi na tisa. Yaani wenzake wote wanaamua hivi, yeye anakaa peke yake anaandika kwa nini wamekosea, na karatasi yake inaambatanishwa na hukumu. Kumi na tisa! Wenzake wanamtania, "Valerian Savelyevich, leo uko nasi au tukuletee karatasi?" Na kitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1978, kilihusu jambo hilo hilo: haki ya mtu mmoja barazani kusema hapana. Wanafunzi wake wote wanataka kujua alilitoa wapi. Na kila mtu anauliza kuhusu ule ukurasa wa mbele wa kitabu hicho wenye maneno matano tu: "Kwa aliyekaa upande wa kushoto."

Wengine wanasema ni siasa. Wengine wanasema ni marehemu mkewe, alivyokuwa akikaa mezani. Nilipomuuliza mwenyewe alisema, "Taya, kula supu, inapoa."

Wewe ndiye pekee uliyebaki unayemjua tangu utoto. Najua hamwandikiani. Siku tulipomzika baba nilikuwa mkubwa wa kutosha kuona mlivyosimama, wewe upande huu wa kaburi, yeye upande ule. Siulizi hilo. Nauliza kwa ajili ya kitabu tu. (Nisamehe, nauliza yote mawili.)

Nakubusu,
Taisiya


Ust-Berezhna, 2 Novemba 2016

Mwanangu Taya,

Barua yako imefika imelowa. Mleta barua anasema ni theluji, mimi nasema ni uzembe. Mimi mzima. Mguu unauma unapotaka, na masikio yalistaafu zamani bila kuniaga. Paka amezaa ndani ya kiatu changu cha sufu, cha kulia, kwa hiyo natembea na viatu vya marehemu mama mpaka hao watoto wafumbue macho. Nimetia chumvi mitungi kumi na minne ya uyoga. Mwambie mumeo achemshe maziwa, atie asali na kitunguu, na aache ubishi. Zlata mwache agombane. Katika ukoo wetu asiyegombana hukonda.

Unataka habari za Valerian, haya andika. Alikuwa mtoto wa kesi. Kuku akidonoa miche ya jirani, yeye anamweka kuku upande mmoja na jirani upande wa pili, anasikiliza. Mama akigawa uji, yeye anasimama kuangalia mwiko. Siku moja mama alimchapa kwa kosa la baba yako, Arkady. Hakulia. Alisema, "Mama, hukuniuliza." Mama alikaa kwenye benchi akacheka mpaka machozi. Hilo liandike, ni zuri.

Baadaye akawa karani wa mahakama hapa kwetu, kisha akaenda kusoma. Basi.

Kuhusu kushoto, labda ni baba yetu. Mezani alikuwa anakaa kushoto.

Nakutumia mtungi mmoja wa uyoga kwa mkono wa mhudumu wa treni, behewa la saba. Mtungi ukiisha, naudai.

Shangazi yako,
Glafira Savelyevna


Petersburg, 27 Novemba 2016

Shangazi yangu,

Uyoga umefika, mhudumu wa treni anakusalimu na anasema usimtume tena, maana behewa zima lilinuka kitunguu saumu. Kikohozi cha mume wangu kimekwisha kwa dawa yako, ila yeye anasema kimeisha chenyewe. Zlata ameng'oka jino. Paka wako wamefumbua macho?

Jumapili baba mdogo alikuja. Alikula nusu ya mtungi akiwa amesimama, na koti hajavua. Akauliza, "Hii umenunua wapi?" Nikasema, "Ni ya shangazi Glafira." Aliweka uma chini. Kisha akauchukua tena, akauosha mwenyewe, akaukausha, akaurudisha kwenye droo. Tangu nizaliwe sijawahi kumwona akiosha kitu. Alipofika mlangoni akasema, "Bado anazidisha kitunguu saumu," akaenda zake.

Na wewe, shangazi, umenidanganya. Babu alikufa baba mdogo akiwa na miaka miwili, baba aliniambia mara mia. Mtu hatoi kitabu cha sheria kwa heshima ya kiti cha mzazi asiyemkumbuka hata sura.

Halafu kuna hili. Kwenye sanduku la picha alizonipa kwa ajili ya kitabu, nimekuta moja ambayo nadhani aliisahau humo. Ukumbi mdogo, meza ndefu yenye kitambaa, viti vitatu vyenye migongo mirefu. Katikati amekaa mwanamume mnene. Kulia, mzee mwenye masharubu. Kushoto, mwanamke kijana aliyefunga kitambaa cheupe, anaitazama kamera kama imemkosea adabu. Chini yao, kwenye meza ndogo, yuko karani mwembamba, ndiye baba mdogo. Nyuma ya picha imeandikwa 1969.

Yule mwanamke ana pua yangu. Ni wewe? Na kama ni wewe, mfanyakazi wa kiwanda cha viatu vya sufu alikuwa anafanya nini kwenye kiti cha jaji?

Jibu upesi, siwezi kulala na swali kama hili.

Taisiya


Ust-Berezhna, 19 Januari 2017

Taya,

Natumaini mwaka mpya umewakuta wazima. Sikujibu kwa sababu wino uliganda, halafu zikaja sikukuu, halafu paka akaugua. Huo wote ni uongo. Sikutaka kujibu.

Ndiyo, ni mimi. Zamani zile jaji hakukaa peke yake. Alikaa na wazee wa baraza wawili, watu wa kawaida waliochaguliwa na wenzao wa kazini, wiki mbili kwa mwaka. Kiwanda chetu kilinichagua mimi. Mzee wa baraza nikiwa na miaka thelathini na moja, bado napaka midomo rangi! Watu walituita "ndiyo mzee". Jaji anamgeukia wa kulia: ndiyo mzee. Anamgeukia wa kushoto: ndiyo mzee. Hukumu imeiva, twende tukale. Mimi ndiye niliyekaa kushoto.

Kesi ilikuwa ya Yefim Chudinov, mchochea moto wa tanuri la kukaushia sufu kiwandani kwetu. Machi ile banda la kukaushia liliungua lote. Hakufa mtu, ila sufu ya msimu mzima ilikwenda. Wakasema Yefim alilewa akaacha mlango wa tanuri wazi. Taya, mimi nilifanya kazi miaka kumi na mmoja hatua ishirini kutoka tanuri lile. Kifuniko cha bomba la moshi kilikuwa kimekwama tangu vuli. Kila mtu alikuwa akikigonga kwa nyundo. Yefim alimwandikia mkurugenzi mara mbili. Na mkurugenzi huyo siku ya kesi alikaa mstari wa mbele, kifua kimejaa nishani.

Tukaingia chumba cha kushauriana. Kwa sheria wazee wa baraza wanasema kwanza na jaji mwisho, ili wasimwogope. Jaji alifunga mlango, akasema, "Miaka sita, jamani, au kuna asiye na haraka ya kwenda kula?" Yule wa masharubu akasema ndiyo. Mimi nikasema hapana.

"Hapana nini, Glafira Savelyevna?"

"Yefim hakuunguza kitu. Kifuniko kimekwama."

"Wewe ni fundi wa matanuri?"

"Mimi nimeota moto wake miaka kumi na mmoja. Wewe je?"

Akanipa karatasi na bahasha. Hiyo ilikuwa haki yangu: mzee wa baraza asiyekubali anaandika maoni yake, anafunga bahasha, haisomwi mbele za watu, inaambatanishwa na jalada ili mahakama ya juu ifungue ione. Na mwenye kuambatanisha ni karani. Nilimkabidhi Valerian mkononi, pale mlangoni. Uso wake uling'aa. Alininong'oneza, "Dada, hakuna aliyewahi."

Mahakama ya juu ikathibitisha miaka sita. Kwenye majibu yao waliandika kwamba jalada halina maoni tofauti. Septemba hiyo hiyo ndugu yangu akaenda Sverdlovsk kusoma sheria, na barua nzuri ya jaji mfukoni.

Yefim walimwachia baada ya miaka minne, mapafu yameisha. Hakuiona theluji ya pili. Aliacha mabinti watatu.

Mengine muulize aliyepewa bahasha. Jiko linataka kuni.

Glafira


Petersburg, 12 Februari 2017

Shangazi mpendwa,

Nianze na habari mbaya. Baba mdogo yuko hospitalini, ni moyo. Watampasua mwishoni mwa Aprili, kwanza wanataka apate nguvu. Analalamikia uji, kwa hiyo bado ni yeye. Sisi wengine wazima.

Nilimpelekea barua yako. Nilikusudia kumuuliza polepole, lakini nilishindwa, nikampa tu asome. Aliisoma mara mbili. Ninakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, maana niliyaandika palepale, na nesi alidhani mimi ni mpelelezi.

"Jaji aliniita siku ileile. Akaniambia, kwa jina langu la utoto, 'Lerka, usiambatanishe leo. Dada yako amekasirika, mpe mpaka Jumatatu, atatulia mwenyewe aje kuichukua.' Nikaona ni busara. Jumatatu nilipofika, jalada limeshaondoka na gari la asubuhi. Ningeweza kuituma kwa posta. Ningeweza kupanda treni niipeleke. Halafu jaji akaniandikia ile barua ya chuo. Nikaiweka bahasha chini ya mashati, nikasema nitaituma kesho. Kesho hiyo ina miaka arobaini na minane sasa."

Nikamuuliza, "Uliandika nini ndani, yaani shangazi aliandika nini?"

"Nitajuaje?"

"Baba mdogo! Hukuisoma?"

"Imefungwa, Taya. Mwenye haki ya kuifungua ni mahakama ya juu. Mimi nilikuwa na haki ya kuibeba tu."

Nisamehe, shangazi, nilicheka, pale pale kando ya kitanda. Mtu anaificha bahasha maisha yake yote, anahama nayo miji mitatu, na haifungui kwa sababu sheria haimruhusu! Yeye hakucheka. Alisema, "Kila nilipoandika maoni tofauti nilijiuliza, dada yangu Glasha angesemaje hapa? Yangu kumi na tisa ni nakala. Yale ya kwanza ndiyo asili, na mimi sijayaona."

Sasa anaomba jambo moja. Anataka maoni yako ya mwaka 1969 yachapishwe mwanzo kabisa wa kitabu, neno kwa neno, na jina lako, kabla ya chochote chake. Ameagiza niache kurasa nne wazi mbele. Anataka na mimi niandike wazi nani aliyeyazuia. "Watu wajue," anasema, "nani alikuwa jaji na nani alikuwa karani."

Bahasha naituma kwa rejista pamoja na barua hii. Gundi yake imekuwa ya njano lakini imeshika. Wewe ndiye mwenye haki ya kuifungua, hilo tumekubaliana wote wawili. Ifungue, uyanakili yaliyomo, unirudishie kabla Aprili haijaisha, maana mchapaji hangoji.

Yeye mwenyewe hathubutu kukuandikia. Kalamu anayo, naiona.

Taisiya wako


Ust-Berezhna, 1 Machi 2017

Taya,

Bahasha imefika. Usichapishe.

Mpe Valerian uji wa mtama na maboga, siyo ule wa hospitali. Paka wote nimewagawa.

Glafira


Petersburg, 10 Machi 2017

Shangazi,

Sisi wazima, uji nimepika, ameula wote akasema mama alikuwa akiupika mzito zaidi. Hizo ndizo salamu, na sasa niruhusu nikuulize kwa nguvu zote: kwa nini?

Nimefikiri kila kitu. Nilifikiri umemkasirikia, na una haki. Lakini mtu mwenye hasira angetaka ichapishwe, imuaibishe. Nilifikiri labda uliandika maneno makali kuhusu mkurugenzi na unaogopa watoto wake. Nilifikiri labda karatasi imeoza haisomeki. Mume wangu anasema, "Mwache mama wa watu." Siwezi kumwacha! Mimi ni mhariri, nikiona pengo kwenye maandishi vidole vinaniwasha.

Nilimwambia kwamba umekataa. Aligeukia ukutani. Baadaye akasema, "Basi hakuna kitabu. Sitaki kuheshimiwa kwa nakala." Jana alikataa pia kutia saini ile karatasi ya kukubali upasuaji, anasema atafikiri. Daktari amenivuta pembeni akaniuliza kama kuna jambo nyumbani. Nimjibu nini?

Kama ni mimi nimekukosea kwa udadisi wangu, nipige mimi. Yeye usimwache hivyo.

Taisiya


Ust-Berezhna, 29 Machi 2017

Mwanangu,

Mto umeanza kupasuka barafu, kishindo chake hata mimi nakisikia miguuni. Mimi mzima. Kaa chini ndipo usome.

Bahasha ilikuwa na karatasi nyeupe.

Haikuoza, wala wino haukufutika. Sikuandika kitu. Jaji aliponipa karatasi hakunikaripia, angenikaripia ningeandika kurasa kumi. Alisimama mlangoni akasema kwa upole, "Glafira Savelyevna, kwenye foleni ya nyumba mko wa ngapi sasa? Wa tatu? Mkurugenzi anakusalimu sana." Akatoka, akaniacha na kalamu. Wakati ule tuliishi kwenye banda la wafanyakazi, na ukuta aliolalia mama ulikuwa ukiota barafu kwa ndani. Miaka tisa tulikuwa kwenye foleni.

Nilikaa dakika arobaini. Nilisikia hatua za Valerian nje ya mlango, anakwenda anarudi, anajivuna kwa ajili yangu. Kutoka na kusema nimebadili mawazo, niliona aibu. Kuandika, niliogopa. Basi nikakunja karatasi tupu, nikafunga bahasha, nikampa. Nikawaza: huko juu wataifungua watacheka, watasema mwanamke wa kiwandani hajui kuandika, na ndugu yangu ataendelea kuniona shujaa.

Majibu yaliporudi kwamba hakuna maoni tofauti, nilimshukuru Mungu. Umesoma vizuri? Nilimshukuru Mungu kwamba haijafunguliwa. Halafu nikamkasirikia Valerian, kwa sababu kumkasirikia yeye kulikuwa rahisi kuliko kujitazama kwenye kioo. Sikumuuliza ilikokwenda. Ningemuuliza, angeileta. Novemba tukapewa nyumba, na barua hii naiandikia kwenye nyumba hiyo hiyo, karibu na jiko lake.

Nilikuwa nasikia habari zake redioni, wakati masikio yalipokuwa bado yakisikia. Jaji Okulov amepinga tena peke yake. Watu sokoni wakaniambia, "Glasha, ndugu yako ana moyo!" Nami nilijua moyo ule aliuazima kwenye bahasha tupu. Nilizima redio.

Sasa tazama ndani ya barua hii. Karatasi ya zamani ni hiyo nyeupe, mpe. Hizo mbili za mistari nimeziandika wiki iliyopita, siku nne. Ni maoni yangu. Kifuniko, nyundo, barua mbili za Yefim, tarehe zake, mwelekeo wa upepo siku ile, yote yamo, sijasahau hata moja. Nimetia saini.

Kabla ya kuzituma nilivuka ua kwa Rimma, binti mdogo wa Yefim, ambaye sasa ana wajukuu. Nilimsomea yote, na lile la karatasi tupu pia. Sijui kama nilipiga kelele, mimi sijisikii. Akaniandikia kwenye pambizo la gazeti, kwa herufi kubwa nione vizuri: UMECHELEWA, SHANGAZI GLASHA. Kisha chini yake: TAREHE WEKA YA LEO, USIJIFANYE ULIANDIKA WAKATI ULE. Nimeweka ya leo. Ametaka nakala kwa dada zake wawili, nimemnakilia kwa mkono. Chai hakunipa, na sikutegemea.

Mwambie Valerian bahasha hii haijafungwa kwa gundi. Haki ya kuifungua anayo. Na akishaisoma, akitaka kunichukia, achukie akiwa ameshapasuliwa na amepona, si kabla.

Glafira Savelyevna Okulova, mzee wa baraza


Petersburg, 3 Mei 2017

Shangazi yangu mpendwa,

Nianze na lile unalolitaka: amepasuliwa, ametoka salama, jana alitembea ukumbini mara mbili, na anagombana na mgonjwa wa kitanda cha pili kuhusu dirisha lifunguliwe au lifungwe. Mimi, Zlata na mume wangu tu wazima kabisa. Sasa nikupe yaliyotokea kabla, maana nilingoja kwanza upasuaji uishe.

Nilimpelekea zote siku sita kabla ya upasuaji. Kwanza nilimpa karatasi nyeupe. Aliigeuza nyuma, akaigeuza mbele, akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Nikamsomea barua yako, na nilipomaliza niliogopa moyo wake, nikashika kengele ya nesi. Kisha akasema, "Kumbe tulikuwa wawili." Na akalia, shangazi, kwa sauti, mimi nimemshika mkono sijui nifanye nini. Yule wa kitanda cha pili akageukia ukutani kwa adabu.

Baadaye akavaa miwani akasoma maoni yako mapya. Alisoma kama anavyosoma kazi za wanafunzi, kalamu mkononi. Akasema, "Kifungu cha sheria amekiweka vibaya." Akasoma tena. "Habari ya upepo hii ni nzuri. Mimi nisingeiwaza." Mwisho akaitisha ile karatasi ya daktari na kutia saini.

Kitabu kimekwenda kwa mchapaji. Maoni yako yako mbele, na tarehe yake ni ya Machi 2017, kama Rimma alivyotaka. Kabla yake baba mdogo ameagiza uachwe ukurasa mmoja mweupe, na chini yake tarehe ya mwaka 1969 tu. Mchapaji alinipigia simu juzi, "Mama, ukurasa wa tano hauna kitu, mmekosea." Nikamwambia hatujakosea, achape hivyo hivyo.

Usiku mmoja kabla ya upasuaji ndipo kalamu yake ilipofanya kazi. Nakunakilia hapa kila neno, na karatasi yenyewe nimeitia ndani, wazi, bila gundi.

"Maoni tofauti ya Jaji V. S. Okulov, ya ishirini na ya mwisho. Nakubaliana na mzee wa baraza wa upande wa kushoto kuhusu tanuri, kuhusu kifuniko na kuhusu Yefim Chudinov. Sikubaliani naye katika jambo moja, nalo ni adhabu. Mzee wa baraza alimhukumu karani, na akajihukumu yeye mwenyewe, miaka arobaini na minane ya kutokaa meza moja. Yefim alipewa sita, tukasema ni mingi. Naomba adhabu hii ifutwe kwa wote wawili. Rufaa italetwa kwa mkono na mkata rufaa, mwezi wa Juni, behewa la saba."

Daktari anasema Juni inawezekana, akipewa kitanda cha chini kwenye treni. Baba mdogo anataka kwanza umpeleke kwa Rimma, hata kama chai hatapewa. Mtungi wako wa uyoga nimeuosha, atakuja nao.

Taisiya wako